Oveni ya mkaa ya mafundi wa Gerezani na vitafunwa vya bei rahisi, maoni yangu

Kwa wenye haraka naanza na jibu: nunua, ila usichukue zile zilizopangwa barabarani zimeshapakwa rangi ya silva zinang'aa, agiza utengenezewe yako na ukae palepale uone bati linalokatwa. Mie yangu niliagiza kwa fundi mmoja pale Gerezani, Kariakoo, bei ilianzia laki na nusu tukashushana mpaka 120,000, na kwa kazi inayonifanyia naona ni pesa halali kabisa.

Kwa ambao hamjawahi kuiona, ni boksi la bati lenye miguu mifupi, mlango mmoja mbele, ndani chanja mbili za nondo nyembamba, chini droo ya kuwekea mkaa na juu kuna sinia la bati lenye kingo ambalo nalo linawekwa mkaa. Yaani ni ile ile habari ya kupalia moto juu ya kifuniko cha sufuria ambayo mama zetu wamepikia mikate ya kumimina miaka yote, ila hapa hubebi kifuniko kimejaa makaa kila ukitaka kuchungulia, na badala ya mkate mmoja unaoka trei mbili kwa mpigo. Haina kioo, haina kipimo cha joto, haina kitu cha kuzungusha. Moto unaupanga wewe.

Na hapo kwenye moto ndo pana utamu wa hii oveni na ndo pana lawama zote za watu wanaosema inaunguza. Haiunguzi jamani. Watu wanajaza mkaa chini kama wanachemsha maharage halafu juu wanaweka vipande vitatu, keki inaungua tako na juu imebaki nyeupe, lawama kwa oveni. Geuza hesabu, mkaa mwingi uwe juu, chini kidogo, kama theluthi mbili juu na theluthi moja chini, maana joto lenyewe linapanda, la chini linafika kwenye trei lote lakini la juu linashuka kwa shida lazima ulizidishe. Na mkaa uwe umeshakolea mwekundu wote kabla hujaingiza kitu, ukiwa bado mweusi mweusi utatoa moshi na keki itanuka moshi. Kujua kama joto limefika nanyunyiza unga wa ngano kidogo kwenye trei tupu nafunga mlango, ukigeuka rangi ya kahawia taratibu ndani ya dakika tano hivi ni moto wa kati wa kuokea keki, ukiwa mweusi kabla ya hapo punguza mkaa au acha mlango wazi kidogo upoe.

Sasa kitu ninachotaka mkichukue kwenye maelezo yangu yote, hii oveni haikupi faida ukiwasha kwa ajili ya kitu kimoja. Mkaa ni ghali siku hizi na ukishawasha unakaa na joto muda mrefu, kwahiyo oka kwa kushuka, vinavyotaka moto mkali vitangulie, vya moto wa kati vifuate, vya moto mdogo vimalizie na masalia ya makaa. Nikiwasha mara moja natoa vitafunwa vya chai vya wiki nzima vya nyumba yenye watoto na bado vya kumpelekea jirani vipo, na vitu vyote ni vya duka la mangi hapo nje, unga, sukari, mafuta, mayai, hamira, iliki.

Zinaanza skonzi. Unga wa ngano nusu kilo, hamira ya chenga kijiko kimoja cha chai kilichojaa, sukari vijiko vinne vya chakula, chumvi kidogo, mafuta ya kula vijiko vitatu, halafu unakandia maziwa ya vuguvugu kama kikombe kimoja, ongeza kidogo kidogo mpaka donge lilainike. Vuguvugu namaanisha ukichovya kidole usishtuke, maziwa ya moto yanaua hamira na hapo hata ukisubiri mpaka magharibi donge halinyanyuki. Joto letu la Dar likiwa lile lenyewe ndani ya saa moja limeshaumuka, unakata madonge, unayapanga kwenye trei yakigusana, unayaacha tena yavimbe, ndo yanaingia. Hapa hii oveni imenifurahisha sana kwasababu ule mkaa wa juu unazipa rangi nzuri ya kahawia bila hata kupaka yai. Nilikuwa naokea kwenye sufuria kubwa yenye mchanga juu ya jiko la gesi, zinaiva vizuri tu, lakini juu zinabaki zimepauka, sura ya mkate wa kuchemshwa. Kwa skonzi peke yake ningeinunua tena.

Zikitoka skonzi moto umeshapungua, inaingia keki. Ile keki ya robo robo mnayoijua, robo unga, robo sukari, robo siagi, mayai manne, ni tamu lakini siagi inapandisha gharama, ya kwangu ya siku za kawaida natumia mafuta na mtindi: unga vikombe viwili, sukari kikombe kimoja kasoro, mafuta nusu kikombe, mtindi kikombe kimoja, mayai mawili, bekingi pauda vijiko viwili vya chai, na ganda la chungwa au limao lililokwaruzwa, lile la rangi tu usifike kwenye nyeupe maana linakuwa chungu. Changanya vya maji pembeni, vya unga pembeni, kutanisha usikoroge sana, ukikoroga sana inakuwa ngumu. Kaa nayo mbali, usifungue mlango nusu saa ya kwanza kwasababu kila ukifungua joto linamwagika lote na hakuna umeme wa kulirudisha, keki inabonyea katikati.

Mkate wa mayai nao upo kwenye kundi hili la moto wa kati na ndo mtihani wa kweli wa oveni yoyote. Hauna bekingi pauda, hauna mafuta, mayai sita, sukari kikombe, unga kikombe, iliki, basi. Kinachounyanyua ni hewa ya kupiga mayai na sukari mpaka yawe meupe mazito yamejaa bakuli, kisha unga unauchekecha juu na kuukunja taratibu kwa mwiko. Zabibu kavu unazitupia juu baadaye, ukiweka mwanzo zinazama zote. Kama moto wa juu ni mkali unaota ngozi ngumu haraka na ndani ni maji, kama ni mdogo haupandi. Kwenye hii oveni unatoka vizuri ukishamjua moto wake, ila sitaki kudanganya mtu, siyo kitu cha kujaribu siku ya kwanza umealika wageni.

Mkate wa kumimina ndo nilitegemea utakuwa mzuri kupita vyote na ndo ulivyo. Mchele vikombe viwili umelala kwenye maji usiku kucha, unasaga na tui zito kikombe kimoja na nusu, hamira, sukari, iliki, unaacha uumuke, ute wa yai mmoja unaupigia mwishoni. Nauanzia juu ya jiko kwenye sufuria ndogo iliyopakwa mafuta mpaka pembeni paanze kushika na vitundu vitokee, halafu nauingiza chanja ya juu kabisa karibu na makaa. Unatoka na ule uso wa kahawia wenye madoa ambao oveni ya umeme ya kawaida haikupi mpaka uwashe ile waya ya juu. Wenzangu wa Tanga na Zanzibar mtanielewa.

Makaa yakishafifia ndo zamu ya vileja. Unga wa mchele nusu kilo, samli robo, sukari ya kusaga robo, viini vya mayai viwili, iliki nyingi. Vinataka moto mdogo kweli kweli na vitoke bado vyeupe, ukisubiri vibadilike rangi umeshaviharibu, na usiviguse vikiwa vya moto kwasababu unga wa mchele hauna ule mnato wa ngano, vinavunjika vyote mkononi. Acha vipoe kwenye trei hapohapo. Samli ndo gharama yake, kwahiyo kwetu ni vya sikukuu zaidi.

Cha kila wiki ni karanga za mayai. Karanga mbichi nusu kilo, piga mayai mawili na sukari nusu kikombe na chumvi, lowesha karanga kidogo, nyunyizia unga, tikisa sinia kila karanga ivae koti lake, rudia yai, rudia unga, mpaka vikombe viwili vya unga viishe. Zinatandazwa trei moja zisipandane, zinaingia na masalia ya moto, unazigeuza mara kwa mara. Zikitoka zinaonekana laini usiogope, zikipoa zinakuwa kavu na kukatika vizuri mdomoni. Wengi wanazikaanga, lakini kwa kuoka unaokoa mafuta karibu yote na hazichuji siku ya pili. Zifunge kwenye vipaketi vidogo uziweke dukani kwa jirani uone kama zitalala.

Tuje kwenye kasoro. Mlango wa kwangu ulikuja umeacha uwazi upande mmoja, unaweza kupitisha kidole, joto linatoka na trei ya upande huo haiivi. Nilirudisha, fundi akagonga akaongeza komeo la pili, sasa unafunga. Kingo za sinia la juu alizifanya fupi, kipande cha mkaa kinaweza kuanguka ukisogeza oveni, ukiagiza sema ziwe ndefu kama kiganja. Mishikio yote ni chuma tupu, bila kitambaa kinene utaungua. Halafu bati. Mafundi wengi wanapenda kutumia bati la zinki lile la kuezekea kwasababu ni jepesi na rahisi, mie nilikataa ndani na kwenye chanja, likipashwa sana si la kuweka karibu na chakula, omba bati jeusi na liwe nene, nene linashika joto vizuri na halipindi. Na kabla ya kuoka chochote iwashe tupu nje, moto mkali, mpaka mafuta ya kiwandani na rangi viishe kutoa harufu.

Kuhusu gharama ya kuwasha nataka kuwa mkweli maana kuna watu watanunua wakidhani wanakimbia bili ya umeme. Oveni ndogo ya umeme ya wati 2,000 ikiwaka saa nzima mfululizo inakula uniti 2, na kwa sisi tunaopata uniti 2.8 kwa elfu moja hiyo ni kama shilingi 700 tu, tena kawaida inajizima zima yenyewe kwahiyo ni pungufu ya hapo. Mkaa wa kuokea vyote nilivyotaja unazidi hapo. Kwahiyo kama una oveni ya umeme inayofanya kazi na mtaa wenu umeme haukatiki, kaa nayo, huna haja na hii. Hii ya mkaa ina faida kwa ambaye hana oveni kabisa, kwa ambaye umeme wake ni wa kubahatisha, au anayeoka trei kubwa za biashara ambazo oveni ndogo haziingii. Na anayetaka keki moja ya birthday ya mtoto kwa mwaka aendelee na sufuria yake ya mchanga, itamtosha.

Suala la mkaa wenyewe nalo linanigusa. Serikali ina ule mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, wanataka ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na mie naunga mkono, misitu inaisha tunaiona. Nimehamia mkaa mbadala wa vifuu vya nazi kwa upande wa chini, unachelewa kushika lakini ukishika joto lake halipandi wala kushuka ovyo, kwa kuoka ni bora kuliko mkaa wa mti. Majivu yake tu ni mengi. Juu natumia vifuu vyenyewe vikavu nikivipata, navichoma kwanza pembeni viishe moshi.

Kitu ambacho sitanii nacho ni mahali pa kuiwashia. Nje, au barazani penye hewa inayopita. Usiiwashe jikoni umefunga dirisha, wala usiingize ndani kwasababu mvua inanyesha na makaa bado mekundu, gesi ya mkaa haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini. Watoto wadogo wazungushie mbali, bati la nje lote linakuwa moto, siyo mlango peke yake.

Ukimaliza mwaga majivu yote siku hiyohiyo, usiyaache kwenye droo, kwa unyevu wetu huu wa pwani yanapata maji yanakula bati kwa chini mpaka linatoboka. Ifute, pakaza mafuta ya kula kidogo kwenye chanja na ndani ya mlango, ifunike na turubai. Yangu chini bado nzima.