Kuhamia kanuni mpya za Dungeons & Dragons: uzoefu wangu na vitabu vya 2024

Meza yetu ilicheza Dungeons & Dragons kwa kanuni za 2014 mpaka zikatuingia damuni. Ni mchezo wa kuigiza hadithi mezani: kila mchezaji ana mhusika wake, msimamizi anaendesha ulimwengu na maadui, na dadu zinaamua matokeo. Hakuna aliyehitaji kufungua kitabu ili ajue uchawi wa kuponya unarudisha pointi ngapi za uhai. Septemba 2024 kikatoka kitabu kipya cha wachezaji, Player's Handbook, chenye kurasa 384. Cha msimamizi wa mchezo kikafuata Novemba, na cha viumbe Februari 2025. Msimamizi wa meza ni mimi, kwa hiyo kazi ya kuwahamisha watu iliniangukia. Nimevitumia vyote vitatu na nimevipenda, wala sirudi nyuma. Ila usimwamini anayesema kwamba mchezo ni uleule na utahama bila taabu.

Mambo makubwa hayasumbui, kwa kuwa kila mtu anayaona. Kinachosumbua ni kitu chenye jina lilelile na kazi nyingine. Chukua uchovu. Bado una ngazi sita na ya sita bado ni kifo, lakini ile orodha ya adhabu tofauti kwa kila ngazi haipo tena. Sasa kila ngazi inakukata 2 kwenye kila dadu ya pande 20 unayorusha, na futi 5 za mwendo. Au adui aliyeshtukizwa: zamani zamu yake ya kwanza ilipotea bure, sasa anacheza kama wengine, ila anaporusha dadu ya kupanga zamu anarusha mbili na kuchukua ndogo. Mchezaji mzoefu hata hashuki kwenye ukurasa kuyasoma haya, kwa sababu anaona neno analolijua. Wageni waliojiunga nasi karibuni walizoea upesi kuliko sisi wakongwe.

Aliyeumia zaidi ni dada anayecheza paladini, yaani shujaa wa kidini mwenye silaha na uchawi. Kwa kanuni za zamani, akishampiga adui aliweza kuongeza pigo la nuru papo hapo, na akipiga mara mbili aliongeza mara mbili, almradi akiba yake ya uchawi ipo. Mapambano mengine aliyamaliza kabla nusu ya meza haijapata zamu. Sasa pigo hilo limefanywa uchawi unaokula tendo la ziada, yaani tendo dogo juu ya lile kuu la zamu, na tendo la ziada ni moja tu kwa zamu. Tena kuponya kwa kuwekea mtu mikono nako sasa ni tendo la ziada, kwa hiyo kila zamu inabidi achague kati ya kumchoma adui na kumwinua mwenzake. “Msimamizi, mmeninyang'anya upanga wangu,” alilalamika. Namwelewa, lakini mimi nasimama na kanuni mpya: kile kitendo cha kuchagua kimempa mhusika wake moyo ambao sikuwahi kuuona.

Kilichonifanya nikipende kitabu hiki hasa ni umahiri wa silaha. Kaka anayecheza mpiganaji alikuwa na sentensi moja tu, “Nampiga,” kisha anarudi kwenye simu yake. Sasa kila silaha ina tabia yake. Upanga mkubwa wa mikono miwili unamdhuru adui kidogo hata ukikosa. Upinde mrefu unampunguzia mwendo. Yeye alichukua nyundo kubwa ya kuangusha: akipiga, adui arushe dadu ya kujinusuru kwa ustahimilivu wa mwili, akishindwa yuko chini. Mara ya kwanza alipomwangusha zimwi, wenzake waliokuwa karibu wakalirukia, maana kumpiga aliyelala ukiwa karibu kunakupa dadu mbili na unachukua kubwa. Mwenye upinde aliyesimama mbali akapiga kelele, “Kaka, usimwangushe kabla sijarusha!” Kwake yeye mambo ni kinyume, mlengwa aliyelala ni mgumu. Wakaanza kupangana nani aanze, na simu ikabaki mfukoni.

Gharama yake ni muda. Kuanzia ngazi ya tano ya ukuaji wa mhusika, mpiganaji anapiga mara mbili kwa zamu, na kila pigo linaloingia linaweza kudai dadu nyingine kutoka kwangu. Tulipunguza kwa kuandika namba ambayo adui anatakiwa kuifikia ili ajinusuru kwenye kadi iliyo mbele yake, nami narusha dadu yangu wakati uleule anaohesabu madhara.

Upande wa viumbe, soma kabla ya kucheza, hata wale unaowajua. Mbwamwitu wa zamani akikung'ata ulirusha dadu usianguke. Wa sasa akikung'ata umeanguka, basi, ikiwa umbo lako ni la kawaida au dogo. Kundi la mbwamwitu limekuwa jambo la kuogopwa na wahusika wa ngazi za chini, na mimi nashukuru.

Kuunda mhusika nako kumegeuka. Nyongeza za uwezo hazitokani tena na jamii aliyozaliwa nayo, zinatokana na maisha aliyoishi kabla ya safari, na kitabu kinatoa maisha 16 ya kuchagua. Orki, mtu wa jamii inayosifika kwa nguvu za mwili, anaweza kuwa mchawi mzuri bila kuadhibiwa. Lakini mkulima anaongezewa nguvu, ustahimilivu au busara tu, kwa hiyo binti wa shamba anayetaka kusomea uchawi anaanza nyuma. Hilo silikubali. Kitabu cha msimamizi kinaruhusu kutunga maisha mapya, na mezani kwetu ruhusa hiyo tunaitumia waziwazi.

Kama mko katikati ya hadithi ndefu, imalizeni kwa kanuni za zamani. Kubadilisha mhusika wa ngazi ya tisa ni kufumua kila kitu, na kasisi aliyechagua njia yake ya kubobea ngazi ya kwanza atakuta kitabu kinamtaka aichague ya tatu, kama fani zote za wahusika sasa. Anzeni upya mkiwa chini, mjifunze pamoja.

Vilipotoka, bei ya kila kitabu Marekani ilikuwa dola 49.99, na kukisafirisha kuna gharama yake. Kabla ya kulipa, pakua kanuni za msingi zinazoitwa SRD 5.2, zilizotolewa bure 2025 kwa leseni ya Creative Commons. Zina fani zote 12, kila moja na njia yake moja, na umahiri wa silaha umo.