Sarafu za bibi zimekwenda Marekani, zimerudi na majibu

Mtu wa Mtwara hafundishwi habari ya daraja. Kila msimu tunapeleka korosho AMCOS, chama chetu cha ushirika, zinakaguliwa, unaambiwa hizi la kwanza, hizi la pili, na bei inafuata daraja. Niliposikia kuna kampuni za Marekani, PCGS na NGC, zinazopanga madaraja ya sarafu, sikushangaa. Ila wao ngazi zao zinaanzia 1 mpaka 70, 70 ndiyo bora kabisa, na sarafu ikishapimwa inafungiwa kwenye kasha gumu la plastiki lenye namba yake.

Nilikuwa na mbili, zote za bibi yangu wa Mikindani. Moja rupia ya fedha ya 1891: upande huu Kaisari wa Wajerumani na kofia yake ya chuma, upande wa pili simba na mtende. Nyingine heller 20 ya 1916, zile Wajerumani walizopiga Tabora kwenye karakana ya reli wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. (Ndiyo, "hela" tunayoililia kila mwisho wa mwezi imetokana na hiyo.) Mimi fundi simu, mizani ndogo na lenzi viko mezani. Rupia ilisoma gramu 11.6 kama inavyotakiwa, sumaku haikuishika: dalili ya fedha halisi. Nikajiona tajiri.

Nikapitia kwa wakala wa Dar. Ada, usafiri na bima: shilingi 285,000. Aliniahidi wiki sita, ikawa miezi mitano, na simu alikuwa hapokei mpaka nipige kwa namba ya mke wangu.

Majibu sasa. Rupia ni halali, lakini haikupata namba ya daraja. Wameandika imesafishwa, na iliyosafishwa haipewi namba hiyo. Nilipaswa kujua! Bibi huisugua kwa ndimu na majivu kila Idi, inang'aa kama sufuria ya harusi. Ukiweka lenzi unaona michirizi imelala upande mmoja wote. Ile ya Tabora, ambayo hakuwahi kuijali, imepata daraja la 45.

Kabla ya safari niliahidiwa 80,000 kwa hiyo ya Tabora. Baada ya kasha, 130,000. Piga hesabu mwenyewe, mimi nimeshachoka kuipiga.

Kazi yenyewe siilaumu. Kasha ni imara, na namba ya kasha ukiiingiza kwenye tovuti yao sarafu inatokea. Lakini huduma hii ni ya mwenye kitu kama rupia 15 ya dhahabu ya Tabora, yenye tembo. Zilipigwa 16,198 tu, na za bandia zipo, kwa hiyo mnunuzi hatakuamini kwa maneno. Mwenye vile visarafu vya tundu vya Wajerumani vya 1913 abaki navyo kwenye kopo. Na ndugu zangu wa Kilwa mnaookota visarafu vya shaba vya masultani, hivyo msitume kabisa: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vya kabla ya 1863, kuvitoa nchini kunataka kibali.

Bibi alipoliona kasha aliligeuza mara tatu. "Mume wangu, umelipa pesa wakuambie ni ya zamani? Si ungeniuliza?"

Rupia yake nimeivunjia kasha kwa bisibisi, nikamrudishia. Idi imepita juzi. Ameshaisugua.