Kochi la miguu mirefu kutoka Keko: sebule yangu imepumua

Sebule yangu hapa Sinza, Dar es Salaam, ni futi 10 kwa 12. Makochi ya zamani yalikuwa mapana, yameziba hadi dirisha. Wageni wakija, watoto wanahamia chumbani. Fundi mmoja wa Keko akanitengenezea kochi la watu watatu, mikono myembamba, limeinuliwa kwa miguu ya mninga. Ukisimama mlangoni unaiona sakafu ikipita chini yake mpaka ukutani, na hapo ndipo chumba kinapopata nafasi. Kioo kirefu nimekiweka kutazamana na dirisha, mapazia nikayapandisha karibu na dari.

Alichelewa wiki 2, na simu hapokei. Hilo liliniudhi sana. Lakini mishono imenyooka, na baada ya miezi 5 sponji haijabonyea. Meza pia nitampa yeye atengeneze.