Seti ya kuhamisha AC ya gari kutoka R12 kwenda R134a: maoni yangu baada ya kuifunga

Land Cruiser yangu ya 1988 ilitoka kiwandani na AC ya R12, gesi iliyobanwa na Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Siku hizi kuipata ni shughuli, na ukiipata huna uhakika na kilichomo kwenye mtungi. Ndiyo maana nikanunua seti ya kuhamia R134a, gesi iliyochukua nafasi yake: adapta mbili, oili ya esta, makopo ya gesi, kigeji kidogo chenye rangi na stika ya kubandika chini ya boneti.

Kitu bora humo ni oili. R12 ilizunguka na oili ya madini, ambayo haichanganyiki na R134a. Inatuama kwenye kondensa (ile kama rejeta inayopoza gesi) na evaporeta (inayopoza hewa ya ndani ya gari) huku kompresa ikisagika kavu. Oili ya esta inavumilia mabaki ya ile ya zamani kuliko PAG, oili nyingine inayotumika na R134a, kwa hiyo kwa gari la umri huu imechaguliwa vizuri. Adapta nazo safi: ya presha ya chini ni ndogo, ya presha ya juu ni kubwa, huwezi kuzichanganya.

Kigeji sikipendekezi kwa mtu yeyote. Kinasoma presha ya chini tu, na hatari iko upande wa pili, kwa sababu R134a hupandisha presha ya juu kuliko R12, hasa kwenye kondensa za kizamani. Ukijaza mpaka mshale uingie kwenye kijani unaweza kuwa umezidisha sana. R134a inatakiwa takribani asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa R12 ulioandikwa kwenye gari, na uzito hupimwa kwa mizani. Fundi wangu alikiweka kando tangu mwanzo. Hata kile kioo cha kutazamia gesi kwenye draya (chupa inayonyonya unyevu ndani ya mfumo) hakukitegemea, maana kwa R134a kinaweza kuonyesha ukungu na gesi imetosha.

Maelekezo ya kwenye boksi ndiyo yaliyonikera: toa gesi ya zamani, funga adapta, jaza. Basi. Kwanza R12 haiachiwi hewani, inavutwa kwa mashine na kuhifadhiwa kwenye mtungi. Halafu draya haitajwi kabisa, wakati mfumo ukishafunguliwa draya mpya ni lazima, tena iliyotengenezwa kwa R134a. Tukanunua draya, tukaweka oringi za kijani za mpira wa HNBR kila kiungo. Fundi akashusha kompresa, akaipindua juu ya bakuli, akawa anazungusha shafti kwa mkono taratibu mpaka ikaacha kudondosha. Akachovya kidole kwenye ile oili na kuisugua: ya manjano, hakuna unga wa chuma. Ingetoka nyeusi, dalili ya kompresa iliyoharibika, seti hii isingetufaa kitu. Kisha vakyumu, yaani kunyonya hewa na unyevu wote, kwa zaidi ya nusu saa, na geji ikaachwa imefungwa tuone kama mshale utarudi, dalili ya mvujo. Haukurudi.

Gari likitembea, ubaridi ni ule ule wa zamani. Kwenye foleni unapungua kidogo, ila feni ya umeme tuliyoongeza mbele ya kondensa imesaidia sana. Ningeinunua tena kwa ajili ya adapta na oili, lakini siyo ile yenye kopo la dawa ya kuziba mivujo: dawa hiyo inaweza kuganda ndani ya mfumo na kuharibu hata mashine ya fundi.