Tahadhari: diski za nje za "terabaiti 16" zinazomeza faili zenu

Ndugu wasomaji, nawaomba msinunue diski za nje zinazotangazwa mtandaoni kuwa na nafasi ya terabaiti 16, 32 au hata 64 (terabaiti moja ni gigabaiti 1000) ndani ya kasha dogo linaloenea kiganjani, kwa bei isiyofikia hata ya diski halali ya terabaiti 1. Nilinunua moja ya namna hiyo kwa muuzaji wa mtandaoni ambaye ukurasa wake ulijaa nyota na sifa za wanunuzi, na kwa sababu yake nimepoteza kazi ya miezi minne, ambayo sehemu yake haiwezi kurudiwa tena.

Kazi yenyewe ilikuwa kuhamishia kwenye kompyuta kanda za video za ukoo wetu: harusi, matanga, na mazungumzo ya wazee ambao wengi wao wameshatangulia mbele ya haki. Saa moja ya kanda, ikihifadhiwa kwa muundo wa DV, ambao haubani sana video, ili isipoteze ubora, huchukua takriban gigabaiti 13, hivyo niliona kuwa diski kubwa ingeniondolea usumbufu wa kutawanya faili huku na huku. Nilipoichomeka, kompyuta iliitambua mara moja na kuonyesha nafasi tele. Nilinakili kanda ya kwanza, nikaifungua, ikacheza vizuri. Nikaendelea hivyo kanda baada ya kanda, huku nikiwarudishia jamaa mali zao, hadi siku binamu yangu aliponiomba mazungumzo ya bibi yetu. Jina la faili lilikuwepo, ukubwa wake ulikuwepo, hata tarehe ilikuwepo, lakini faili haikufunguka. Nikajaribu nyingine, na nyingine tena. Kati ya faili 41 nilizokuwa nimehifadhi, 4 za mwanzo zilifunguka, ya tano ilicheza kupita nusu kisha ikaganda, na zilizobaki zote zilikuwa majina matupu. Kanda mbili kati ya hizo zilikuwa zimeota ukungu kiasi kwamba zilikubali kuchezeka mara ile moja tu.

Nilipofungua kasha kwa bisibisi, sikukuta sahani zinazozunguka za diski ya kawaida wala chipu za SSD, yaani diski isiyo na sahani. Nilikuta kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 64, ya aina ile ile tunayoitia kwenye simu, imechomekwa kwenye kibao kidogo cha saketi, na kando yake kipande cha chuma kilichogandishwa kwa gundi ili kasha lipate uzito mkononi.

Inafaa kueleza jinsi ulaghai huu unavyofanya kazi, kwa sababu ndio unaowapumbaza hata watu makini. Kompyuta haipimi nafasi iliyomo ndani ya diski; huiuliza chipu inayoidhibiti, na chipu hujibu kwa kutaja ukubwa wake. Walaghai hubadilisha programu iliyomo ndani ya chipu hiyo ili itaje ukubwa wa uongo. Data inapozidi nafasi ya kweli, chipu haikatai kuipokea wala haitoi onyo lolote. Ama huitupa, ama huirudisha mwanzo na kuiandika juu ya data iliyotangulia, huku ikiiarifu kompyuta kwamba kila kitu kimehifadhiwa salama. Orodha ya majina ya faili kwa kawaida hukaa mwanzoni mwa diski, katika sehemu iliyopo kweli, na ndiyo maana majina huonekana yote hata pale yaliyomo yameshapotea. Zaidi ya hayo, faili ambayo umetoka kuinakili sasa hivi inaweza kufunguka kwa sababu kompyuta bado imeishikilia katika kumbukumbu yake ya muda. Kwa hiyo ule ukaguzi wangu wa kufungua faili mara tu baada ya kuinakili haukuwa ukaguzi hata kidogo, na nasikitika kwamba nililijua hilo nikiwa nimeshachelewa.

Wapo watakaoniuliza niliwezaje kuamini terabaiti 16 katika kijikasha kile. Jibu ni kwamba masikio yetu yameshazoea tarakimu kubwa. Diski ya kwanza iliyouzwa kibiashara, IBM 350 ya mfumo wa RAMAC wa mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24 kila moja, ikawa na uzito wa takriban tani moja, na yote hayo yalihifadhi herufi milioni 5 tu. Mwaka 1980 Seagate ilitoa diski ya inchi 5.25 yenye megabaiti 5, mwaka 2007 Hitachi ikafikisha terabaiti 1, na mwaka 2024 Seagate hao hao wakatangaza diski za terabaiti 30 na zaidi. Katika ukuaji wa kasi namna hii, mtu wa kawaida hana tena kipimo kichwani cha kumwambia lipi linawezekana na lipi haliwezekani, na muuzaji mlaghai anajificha hapo hapo.

Kipimo kipo, nacho ni umbo. Diski za sahani zenye terabaiti 16 au 30 ni za inchi 3.5, ni nene, zina uzito unaokaribia robo tatu ya kilo, na kwa kawaida zinahitaji umeme wa volti 12 kutoka kwenye adapta yake, kwa kuwa tundu la kawaida la USB haliwezi kuziendesha. Zile ndogo za inchi 2.5, zinazobebeka na kutumia kebo moja tu, zilikwama kwenye terabaiti 5 kwa miaka mingi na kufikia 6 mwaka 2024. SSD za kubebeka zenye terabaiti 8 zipo, lakini bei yake ni kubwa mara nyingi kuliko ya hizi ninazozisema. Ukionyeshwa terabaiti 16 katika kitu chepesi chenye ukubwa wa kiberiti na kisicho na adapta ya umeme, usihangaike kusoma maoni ya wanunuzi.

Na kuhusu maoni hayo, mengi si lazima yawe ya kughushi, jambo ambalo kwangu ndilo la hatari zaidi. Mnunuzi huichomeka diski, huona tarakimu kubwa, hunakili picha kadhaa, kisha huandika sifa zake kwa moyo safi. Hebu tupige hesabu: kwa kasi ya megabaiti 30 kwa sekunde, ambayo ni ya kawaida kwa USB 2.0, kuijaza terabaiti 16 huchukua zaidi ya siku 6 za kunakili mchana na usiku bila kupumzika. Hakuna anayefanya hivyo. Mwenye kuhifadhi gigabaiti chache kila wiki atatumia miezi mingi kabla hajavuka hata hizo gigabaiti 64 za kweli, na atakapogundua, muda wa kurudisha bidhaa utakuwa umeshapita na muuzaji ameshafungua ukurasa mwingine kwa jina jingine. Zamani diski ilipokuwa ndogo, uongo wa aina hii ungefichuka siku ile ile. Ukubwa wenyewe ndio unaomnunulia mlaghai muda wa kutoroka.

Kwa hiyo kila diski mpya ipimwe kabla ya kuaminiwa, na ipimwe ikiwa bado tupu. Kwa watumiaji wa Windows ipo programu ya H2testw, na kwa Linux na Mac ipo F3. Zote mbili huijaza diski nzima kwa data inayojulikana kisha huisoma tena yote na kulinganisha. Zote ni za bure. Upimaji huu ni wa polepole: diski halali ya terabaiti 1 inayokwenda kwa megabaiti 100 kwa sekunde huchukua karibu saa 3 kuandikwa na muda kama huo kusomwa, lakini ni afadhali kuiacha ikifanya kazi usiku kucha kuliko yaliyonipata. Asiye na muda huo atumie ValiDrive kwenye Windows, ambayo hupima sehemu nyingi zilizotawanyika katika diski yote badala ya kuijaza, na humaliza kwa dakika chache.

Naomba pia tusiwasingizie wauzaji waaminifu. Diski ya terabaiti 1 ikionyesha gigabaiti 931 kwenye Windows, hujaibiwa: mtengenezaji anahesabu terabaiti kuwa baiti trilioni 1, ilhali Windows inagawanya kwa 1024 badala ya 1000 katika kila ngazi. Ndivyo hivyo terabaiti 4 zinavyoonekana kuwa 3.63.

Upo ulaghai wa pili unaowalenga wanaojua kukwepa ule wa kwanza, nao ni wa diski halisi, zenye ukubwa wa kweli, zilizotumika miaka mingi na kuuzwa kama mpya. Mwanzoni mwa mwaka 2025 ilibainika kwamba diski za Seagate zilizofanya kazi kwa maelfu ya saa zilikuwa zikiuzwa Ulaya kama mpya baada ya rekodi zake za SMART, ambazo diski hujiwekea kuhusu afya na saa zake za kazi, kufutwa. Kilichowafichua wauzaji ni rekodi nyingine ya ndani ya diski za Seagate iitwayo FARM, ambayo ilikuwa bado inaonyesha saa za kweli. Programu ya smartmontools inaweza kuisoma rekodi hiyo. Ukinunua diski kubwa ya Seagate, linganisha rekodi hizo mbili, na uingize namba yake ya utambulisho kwenye tovuti ya mtengenezaji kuona dhamana inaanza na kuisha lini.

Kwa aliyekwisha kununua diski ya uongo: acha kuandika chochote ndani yake tangu sasa, kwa sababu kila faili mpya inaweza kufuta ya zamani. Nakili kwenda kwingine kila kinachofunguka, kisha ndipo uipime na uhifadhi picha ya matokeo, kwani huo ndio ushahidi utakaohitajika. Fungua malalamiko rasmi kwenye jukwaa ulilonunulia au kwa kampuni iliyopitisha malipo yako, na usikubali mazungumzo ya pembeni. Muuzaji wangu aliniomba radhi kwa adabu sana, akaahidi kunirudishia sehemu ya fedha endapo ningefuta malalamiko, kisha akajibu kila ujumbe baada ya siku kadhaa hadi muda ukaisha.

Usiiuze wala kumpa mtu mwingine diski hiyo, hata kwa nia njema ya kwamba itamfaa kwa vitu vidogo, maana atakayeipokea ataona tarakimu ile ile niliyoiona mimi. Yangu nimeiondoa kadi na kulivunja kasha. Kanda 34 nimeziomba upya kwa jamaa na naanza kuzinakili tena wiki hii, mara hii kila moja katika diski mbili tofauti zilizopimwa hadi mwisho. Mazungumzo ya bibi yalikuwa katika mojawapo ya zile kanda mbili zenye ukungu.