Fanicha za mtiki kutoka Jepara: zipi zinafaa kuletwa Zanzibar, na pesa hupotelea wapi

Jepara ni mji wa pwani ya kaskazini ya Java ya Kati, Indonesia, na kazi yake ni mbao. Karakana ziko uani kwa watu, gereji zimegeuzwa vyumba vya kupigia msasa, na oda ya hoteli moja inaweza kugawanywa kwa mafundi kumi wasiofahamiana. Huko ndiko hoteli na nyumba za kifahari za visiwani, Zanzibar ikiwamo, huagiza fanicha za mtiki. Pwani yetu tuliuita msaji kabla neno mtiki halijaenea. Wajava wanauita jati.

Tunachotathmini si karakana moja bali huduma nzima: kuchora, kuagiza, kungoja, kupakia bandari ya Semarang, kutoa mzigo bandari ya Malindi mjini Zanzibar, na kuuweka kwenye jua na chumvi. Kwa vitu vya nje, yaani vitanda vya jua, madawati, meza na viti vya mgahawa wa ufukweni, agiza Jepara. Kwa vitanda vya chumbani na makabati ya nguo, mpe kazi fundi wa hapa. Kinachotenganisha kontena zuri na kontena la majuto ni unyevu wa mbao na viungo, na hivyo vyote viwili havionekani kwenye picha za WhatsApp.

Tuanze na mbao. Kila karakana itakwambia mtiki wake ni "daraja A", na kila moja ina maana yake. Uliza gogo limetoka wapi. Magogo ya Perhutani, shirika la serikali linalosimamia misitu ya Java, hupangwa kwa kipenyo: A1 ni chini ya sentimita 20, A2 ni 20 hadi 29, A3 ni 30 na kuendelea. Mtiki wa mashamba ya wanavijiji mara nyingi hukatwa ukiwa mchanga, na mti mchanga una weupe mwingi kuliko kiini. Kiini, kile cha rangi ya asali, ndicho chenye mafuta yanayoukinga mti na mchwa na maji. Weupe wa pembeni hauna kinga yoyote: hutobolewa na wadudu na huoza kama ubao wa kawaida. Fundi mjanja huupaka kahawia mpaka ulingane na kiini. Pindua kiti, kwangua chini ya kikalio kwa ncha ya kisu. Rangi ikitoka kama ngozi na chini yake pakawa peupe, umeshajua. Kwa vitu vya nje andika kwenye mkataba kwamba weupe usiwepo upande wowote, hata usioonekana. Vya ndani vinaweza kuwa nao kidogo, ila bei nayo ishuke.

Meza zinazotengenezwa kwa mbao za nyumba kuukuu za Java ni jambo jingine kabisa. Mbao hizo zimekauka miaka na miaka, hazichezi, na tundu za misumari ya zamani ni sehemu ya uzuri wake. Kwa ukumbi wa ndani hatuoni cha kuzishinda.

Unyevu ndio wenye kesi nyingi. Hewa ya pwani ya Unguja huiacha mbao kwenye unyevu wa kama asilimia 14 hadi 16. Chumba kinacholala na kiyoyozi huishusha kuelekea 10. Kwa hiyo usiagize kila kitu kwa kipimo kimoja: vya nje vije na 12 hadi 15, vya ndani 10 hadi 12. Mbao ikiunganishwa ikiwa na 20, itamalizia kukauka ikiwa tayari ni kiti, na viungo vitalegea.

Kinyume chake nacho kinauma. Ubao wa mtiki uliopasuliwa bapa hutanuka au kunywea kwa upana kama asilimia 0.18 kwa kila asilimia 1 ya unyevu. Chukua meza ya upana wa mita 1 iliyotoka kwenye tanuri na 10, ikakaa barazani mpaka ikafika 15: imeongezeka karibu milimita 9. Kama fundi ameufunga uso wa meza kwa gundi ndani ya fremu pande zote nne, milimita hizo hazina pa kwenda. Ama uso utatuna kama mgongo wa kobe, ama pembe za fremu zitafunguka kiasi cha kuingiza sarafu. Meza ya nje iwe ya vibao vilivyoachiana milimita 5 au 6. Ya ndani, uso ushikwe kwa vibano, au kwa skrubu zilizopita kwenye tundu refu, ili mbao iende na kurudi.

Mkaguzi asiyejua hudanganyika kirahisi hapa. Anachoma kipima unyevu kwenye vibao vya kikalio, anasoma 12, anatia saini. Vibao vya milimita 20 hukauka upesi. Shida iko kwenye miguu ya milimita 80 au 90 iliyoingizwa tanuri moja na vibao hivyo na kutolewa navyo siku hiyohiyo. Nje inasoma 13, katikati bado mbichi. Mkaguzi adai mguu mmoja ukatwe katikati mbele yake na apime pale palipokatwa. Karakana itanung'unika kwa hasara ya mguu. Mlipe mguu wake. Ukaguzi ufanyike kabla msasa wa mwisho haujapigwa, wakati makosa bado yanarekebishika, kisha urudiwe siku ya kupakia.

Kwenye viungo, dai ulimi wa mbao unaoingia kwenye tundu lake na kufungwa kwa kijiti cha mbao kinachopita katikati. Mafuta yaleyale yanayolinda mtiki huzuia gundi kushika, kwa hiyo sehemu ya kuungia ifutwe kwa asetoni na gundi ipakwe papo hapo. Kwa vitu vya nje tumia gundi ya epoksi. Gundi nyeupe ya kawaida haimalizi masika moja. Jaribio lake ni rahisi: omba kiungo kimoja cha sampuli, kichemshwe kwa muda wa saa nne, kiachwe kikauke, kisha kigongwe kwa nyundo. Epoksi nzuri haitikisiki.

Vyuma ndivyo vinavyoaibisha zaidi, kwa sababu ni senti chache tu ukilinganisha na thamani ya mbao. Angalia kitanda cha jua kilichokaa mwaka mmoja hatua ishirini kutoka baharini. Mbao imegeuka fedha, nzuri kabisa, lakini kuzunguka kila skrubu kuna doa jeusi kama wino, na bawaba ya kunyanyulia mgongo imevimba kutu mpaka mgongo hausimami. Wino huo ni chuma kilichokutana na tanini ya mtiki, na msasa hauumalizi, maana umezama. Taja stenlesi (chuma kisichoshika kutu) ya daraja la 316 kwa kila skrubu, bolti na bawaba. Daraja la 304 huanza kupata madoa ya kutu kwenye hewa ya chumvi. Shaba nyeupe nayo inafaa. Sumaku ikishika kwa nguvu, umepewa chuma cha kawaida kilichopakwa zinki. Lakini sumaku haikutenganishii 304 na 316, kwa hiyo omba ankara ya aliyeuza vyuma hivyo.

Vipimo viandikwe kwa milimita, juu ya mchoro, na saini za pande zote mbili. Kosa linalojirudia ni la godoro. Jepara hutengeneza kitanda kikubwa kwa godoro la sentimita 180 kwa 200. Godoro la futi 6 kwa 6 la madukani kwetu ni sentimita 183 kwa 183. Likiwekwa kwenye fremu ile, upana haukubali kuingia kwa sentimita 3, na miguuni panabaki pengo la sentimita 17. Hii ni sababu mojawapo ya kumwachia fundi wa hapa vitanda. Nyingine ni nguzo za chandarua, ndefu na rahisi kupinda safarini. Kwa viti, kimo cha kukalia milimita 430 hadi 450 na meza ya 740 hadi 760 vinakubaliana. Mto ukiwepo, pima baada ya mto kubonyea.

Ratiba nayo ina mitego. Kutengeneza huchukua wiki 8 hadi 12. Safari ina kuhamisha mzigo meli njiani, mara nyingi zaidi ya mara moja, kwa hiyo weka wiki 6 hadi 8 nyingine kabla ya kuugusa. Sikukuu ya Idi ikiangukia katikati, ongeza wiki mbili tatu, kwani mafundi hurudi vijijini kwao na karakana hukaa kimya. Kwa hoteli inayotaka fanicha kabla ya wageni wa Julai, oda ifungwe mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Malipo ya kawaida ni asilimia 30 hadi 50 ya kuanzia. Salio lisitoke mpaka ripoti ya ukaguzi wa kupakia ifike.

Kontena la futi 40 la kimo kirefu lina mita za ujazo kama 76, na fanicha hujaza 65 hivi. Kitanda cha jua kilichofungwa kizima, sentimita 205 kwa 72 kwa 36, kinakula mita za ujazo 0.53, yaani vinaingia kama 120. Miguu ikifungwa kwa bolti na kuvuliwa, unene unashuka hadi sentimita 18 na idadi inakaribia maradufu kwa nauli ileile. Meza kubwa nazo zije zimevuliwa miguu, hasa zikienda nyumba za Mji Mkongwe, ambako kitu kipana kinaweza kulala barazani kwa sababu ngazi imekikataa. Zifungwe kwa karatasi ya mawimbi inayopumua, siyo kwa nailoni iliyobana. Njiani kontena hupata joto mchana, likapoa usiku, na matone hudondoka kutoka darini. Nailoni huufungia unyevu ndani na mlango ukifunguliwa unakutana na harufu ya kuvu. Mifuko ya kufyonza unyevu itundikwe kwenye kuta. Paleti na kreti za mbao ziwe na muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya vifungashio vya mbao, wenye herufi HT, maana yake mbao imepashwa nyuzi 56 hadi katikati kwa dakika 30.

Kwenye karatasi, dai bili ya shehena, ankara, orodha ya mizigo, cheti cha asili na hati ya uhalali wa mbao chini ya mfumo wa SVLK wa Indonesia. Viti huingia kifungu cha 9401 cha forodha, meza na vitanda 9403. Tangu Julai 2022, Jumuiya ya Afrika Mashariki imeziweka fanicha kwenye ushuru wa asilimia 35. Fanya hesabu hivi: mzigo uliogharimu 100 pamoja na nauli na bima unabeba ushuru wa 35, kisha VAT ya Zanzibar ya asilimia 15 juu ya 135, ambayo ni 20.25. Umefika 155.25 kabla ya tozo nyingine, za bandari na wakala zikiwamo. Mradi uliosajiliwa ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar, unaweza kupata msamaha. Suala hilo limalizwe kabla meli haijang'oa nanga, si mzigo ukiwa tayari Malindi unahesabiwa siku.

Kwa asilimia hizo, swali la mtiki wa Tanzania Bara ni halali. Longuza kule Muheza, Mtibwa na bonde la Kilombero yana mashamba ya mtiki, na mbao yake haina ushuru wa kuvuka kuja Unguja. Ubora si tatizo. Kinachokosekana ni tanuri za kukaushia za kutosha na mikono ya kutoa viti 200 vinavyofanana kama mapacha. Ukitaka viti 20, nunua mbao ya Longuza iliyokauka na umpe fundi muda. Ukitaka 200, Jepara bado inashinda hata ukishalipa 35.

Vikifika, usiviweke moja kwa moja kwenye sakafu ya niru au saruji nyeupe. Mvua ya kwanza itachuruzisha tanini, na utakuwa na michirizi ya chai kila penye mguu. Viache mchangani, vipigwe maji mara tatu nne, vikauke kila mara. Baada ya hapo ni brashi laini na maji ya sabuni kufuata nyuzi za mbao. Mashine ya maji ya kasi hula sehemu laini na kuacha mbao na mabonde kama mkeka. Vanishi isipakwe kwa vitu vya nje, itababuka. Na mafuta kwenye hewa yetu huleta madoa meusi ya kuvu. Iache igeuke fedha.

Kwenye oda ileile ongeza vibao vya akiba vya vitanda vya jua, kama asilimia 5, na mfuko wa bolti na bawaba za 316 za saizi iliyotumika. Mgeni mzito akikaa ukingoni kibao huvunjika, na kuagiza kimoja kutoka Semarang haiwezekani.