Behewa la gadi la Lionel 6417: nimelikagua mezani kwangu, Tabora

Ndugu watazamaji, habari za saa hizi. Karibuni tena hapa Tabora. Leo mezani nina kitu kimoja tu, na naomba mkae nacho taratibu, maana nimekisubiri muda mrefu. Ni behewa la gadi la treni ya kuchezea, namba 6417 la kampuni ya Lionel ya Marekani, lililotengenezwa kati ya 1953 na 1957. Wenyewe huko wanaliita kabusi. Mimi nitaliita behewa la gadi, kwa sababu ndivyo lilivyoitwa nyumbani kwetu.

Baba yangu alikuwa gadi wa treni. Waliokulia kota za reli wananielewa. Treni ya mizigo ikiondoka stesheni kwenda Kigoma, sisi watoto tulihesabu mabehewa mpaka la mwisho, na la mwisho ndilo la baba. Alikuwa anarudi baada ya siku kadhaa na taa yake ya mkononi inanuka mafuta ya taa, kola ya shati imegeuka rangi ya udongo. Kwa hiyo watu wakiniuliza kwa nini sikusanyi vichwa vya treni, jibu langu ni hilo. Kichwa kinapendwa na kila mtu. Mimi natazama mkia.

Sasa sogeza kamera. Mnaona hiki kibanda kilichoinuka katikati ya paa? Hebu kifikirieni kama dungu, lile la mlinzi wa shamba la mtama. Kwenye treni halisi za Marekani wafanyakazi walipanda humo, wakakaa macho mbele, wakitazama juu ya mabehewa yote. Walichokuwa wanakitafuta ni moshi. Ekseli za zamani zilizunguka ndani ya sanduku lenye mafuta. Mafuta yakikauka, chuma kinapata moto, ekseli inaweza kukatika na treni nzima ikaanguka. Mtu wa kwenye dungu akiona moshi, treni inasimamishwa. Kuanzia miaka ya 1980 kazi hiyo ikachukuliwa na vifaa vya kando ya reli vinavyopima joto, na kisanduku kidogo chenye taa kinachofungwa nyuma ya behewa la mwisho. Mabehewa ya gadi karibu yote yakaondolewa, na watu waliokaa ndani yake wakaondoka nayo.

Hili langu limefuata umbo la behewa la kampuni ya reli ya Pennsylvania. Alama yake kubwa ni madirisha: duara, manne kila upande, kama ya melini. Rangi ni nyekundu iliyoiva sana, inayoelekea kahawia. Ukitaka kuipata nenda katazame ukuta wa matofali ya kuchoma uliokwisha kunyeshewa. Ubavuni imeandikwa PENNSYLVANIA, na chini yake namba 536417. Hapa ndipo wageni wa mambo haya wanapochanganyikiwa, wanadhani wameuziwa kitu kingine. Hapana. Lionel waliongeza tarakimu mbili za mwaka mwanzoni: 53 ni 1953, kisha 6417 yenyewe. Halafu soma yale maandishi madogo, NEW YORK ZONE. Yapo yaliyotoka kiwandani bila maneno hayo, na ndiyo wakusanyaji wanayoyatafuta zaidi. Langu linayo, ni la kawaida, na nimeridhika nalo.

Tuligeuze. Mimi nawaambia siku zote, ukinunua behewa la gadi kwa picha, omba picha ya tumboni kabla ya picha ya ubavuni. Ubavu unaweza kupakwa rangi, tumbo haliongopi. Tazama bogi hizi mbili, yaani fremu ndogo zinazobeba magurudumu: kutu kidogo pembeni, magurudumu yanazunguka bila kukwama. Katikati pana kigurudumu kidogo cha chuma kinachochungulia chini. Reli za Lionel ni tatu. Umeme unapita reli ya kati, kigurudumu hiki kinauchukua, balbu inawaka, kisha umeme unarudi kupitia magurudumu ya pembeni. Kikiwa kimeshika uchafu, taa inapepesa. Changu kilikuwa cheusi kabisa. Nimekisugua kwa kitambaa tu, sikutumia msasa, na kinang'aa.

Na hiki ni kiungio. Kinafanana na ngumi iliyokunjwa, kimenakiliwa kutoka kwenye treni halisi. Chini yake kuna kibati chembamba. Sikilizeni nikikivuta chini kwa kucha... tak! Ngumi imefunguka. Relini kazi hiyo inafanywa na sumaku. Behewa hili lina viungio viwili, mbele na nyuma, na vyote viwili vinaitika. Kimoja kisipofunguka au kisipobaki kimefungwa, punguza bei, usione haya.

Nije kwenye jambo linaloniuma. Behewa langu la kwanza kabisa, kabla ya hili, nililinunua kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeapa kwamba halijaguswa. Lilifika linang'aa kama sahani mpya. Nilifurahi jioni moja tu. Kesho yake nikaliweka juani, nikatazama safu za ribiti, vile vichwa vya misumari vilivyochongwa kwenye plastiki: zimelala, zimefunikwa, kama kigae kilichopigwa chokaa mara tatu. Ndani ya ukingo wa dirisha rangi mpya imerukia mahali ambapo kiwanda hakikupaka. Lilikuwa limepakwa upya. Nilimwandikia, hakujibu. Tangu siku hiyo nasema wazi: chukua lenye mikwaruzo yake ya miaka sabini, liache lenye rangi ya mwaka jana.

Na udanganyifu unakuwa mkubwa zaidi kwenye yale adimu. Mwaka 1957 Lionel walitoa seti ya treni kwa ajili ya wasichana, kichwa cha waridi na behewa la gadi la buluu ya mbinguni. Haikuuzika. Kwa sababu haikuuzika zikabaki chache, na kwa sababu ni chache leo zina bei kubwa, na kwa sababu zina bei kubwa kuna watu wanachukua behewa la kawaida wakalipaka buluu. Ukikutana na la buluu kwa bei rahisi, nenda zako.

Ukianza kukusanya, usianzie hata na hili langu. Anza na 6017, jekundu, dogo, kiungio kimoja, halina taa. Walitengeneza mengi sana na mengi yanauzwa chini ya dola 20. Usafirishaji mpaka Tabora ndio utakaokugharimu kuliko behewa. Ukipenda lenye ngazi na bomba la moshi tafuta 6457, lakini hakikisha hivyo viwili vipo, ndivyo vinavyovunjika kwanza. 6119 lenye kisanduku cha vifaa vya kazi ni zuri. Tutalitengea siku yake.

Utunzaji: hapa kwetu unyevu hautusumbui kama ndugu zetu wa Kigoma kule ziwani. Adui yetu ni vumbi la kiangazi. Linaingia kwenye ekseli, linachanganyika na mafuta ya zamani, linakuwa ugali. Tumia mswaki laini na maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, na usiloweshe bogi. Kwenye maandishi pitisha kitambaa kikavu tu, maana yaliyogongwa kwa mhuri yanafutika na hayarudi. Tina, ile ya kuyeyushia rangi, usiikaribishe kabisa chumbani. Mwisho tone moja la mafuta ya cherehani kila ncha ya ekseli. Tone moja.

Kuhusu umeme nawaomba mnisikilize vizuri. Transfoma ya zamani ya Lionel ni ya volti 120 za Marekani. Ukiichomeka kwenye soketi ya hapa yenye 230 utaiunguza, na unaweza kuunguza na nyumba. Mimi wala siitumii. Nachukua betri ya sola, volti 12. Balbu ya aina hii haichagui upande wa chanya na hasi, na volti 12 zinatosha kuiwasha bila kuichosha.

Nazima taa ya chumba. Waya mmoja kwenye kigurudumu cha kati, hivi. Wa pili naugusisha kwenye gurudumu la nje... Subiri, mkono unatetemeka... Hilo hapo! Tazameni madirisha ya duara, yote manne, mwanga wa njano kabisa. Kamera isogee zaidi. Dirisha la mwisho pale, karibu na kibaraza, ndipo ningemweka baba na taa yake.